Geko anayekonda: joto kwanza, maji pili, chakula baadaye

Geko chui, mjusi anayefugwa ndani ya nyumba, huweka akiba yake ya mafuta mkiani. Mwenye afya ana mkia mnene, upana wake ukikaribia au hata kupita upana wa shingo. Akianza kukonda, mafuta ya mkiani ndiyo hutumika mapema, na mkia hunywea mpaka pingili za mfupa zionekane chini ya ngozi. Kisha nyonga hujitokeza, mbavu huhesabika, macho huzama, na ngozi ya ubavuni hulegea na kukunjamana. Mjusi aliyefika hapo hajaanza kuumwa juzi. Ameumwa kwa wiki nyingi, pengine miezi, na mwenye nyumba hakujua.

Mjusi huyu, ambaye wanasayansi humwita Eublepharis macularius, asili yake ni nyanda kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ana undugu wa mbali na mjusi kafiri wa majumbani mwetu, ila yeye ana kope anazofumba na kufumbua, na vidole vyake havinati, kwa hiyo hapandi ukuta. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini yeye ni miongoni mwa mijusi wanaofugwa sana ndani ya nyumba, na ndiko ndugu zetu wa ughaibuni wanakokutana naye: mtoto anamwona kwa rafiki yake, anaomba naye apewe, na mzazi ambaye tangu utoto wake mjusi alikuwa kiumbe cha kufukuzwa kwa ufagio anajikuta dukani akinunua nyenje walio hai. Miezi inapita. Mjusi anaanza kugoma kula. Mzazi anauliza: nimlazimishe?

Jibu langu ni hapana, angalau si leo. Lakini sababu za jibu hilo zinahitaji maelezo, maana ushauri unaozagaa kuhusu mijusi waliokonda umechanganya mambo matatu tofauti na kuyapa dawa moja.

Tuanze na njaa yenyewe. Mtambaazi hatengenezi joto la mwili wake kama sisi, hulipata kutoka nje, na kwa sababu hiyo hutumia nishati kidogo mno. Madaktari wa wanyama hukadiria mahitaji ya mtambaazi aliyetulia kwa kuchukua uzito wake kwa kilo, kuupandisha kwa kipeo cha 0.77, kisha kuzidisha kwa 10. Ukimfanyia hesabu hiyo geko wa gramu 50 unapata takriban kilokalori 1 kwa siku. Binadamu mzima anahitaji kama 2,000. Nyenje wakubwa wawili hivi wanamtosha geko huyo kutwa nzima akiwa amejilaza pangoni mwake. Ndiyo maana geko mzima mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, na ndiyo maana pia hofu ya "hajala tangu jumapili" mara nyingi haina msingi.

Kuna migomo ya kawaida. Dume msimu wa kupandana hupoteza hamu ya chakula kwa wiki. Jike anayetengeneza mayai hufanya vivyo hivyo, na jike hutengeneza mayai hata kama hajawahi kuona dume. Geko aliyehamishiwa nyumba mpya hukaa wiki moja au mbili akijificha. Anayekaribia kujivua ngozi, rangi ikiwa imefifia na kuwa ya kijivu, huacha kula siku chache. Wakati wa baridi, hata ndani ya nyumba yenye mitambo ya joto, wengi hupunguza.

Kinachotenganisha mgomo wa kawaida na ugonjwa ni mzani. Mzani wa kidijitali wa jikoni unaosoma gramu moja moja unatosha kwa geko mzima, ambaye kwa kawaida ana gramu 45 hadi 80. Kwa mtoto, anayeanguliwa akiwa na gramu 3 hivi, tafuta unaosoma sehemu ya kumi ya gramu. Mweke kwenye bakuli, mpime siku ile ile kila wiki, andika. Geko anayegoma lakini uzito umesimama ni geko wa kusubiriwa. Aliyepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake anahitaji daktari, hata kama anaonekana mchangamfu. Macho ya mfugaji anayemwona mnyama kila siku hayaaminiki kwa kazi hii.

Hataki, hawezi, au anakula hanenepi

Haya ndiyo mambo matatu yanayochanganywa. Geko anayekonda ama hataki kula, ama anataka lakini hawezi, ama anakula vizuri tu na chakula hakimnufaishi. Njia rahisi ya kuyatenganisha ni kumtazama saa yake ya kula, yaani magharibi na kuendelea, maana huyu ni mnyama wa machweo na mapambazuko. Anayepewa chakula saa sita mchana chini ya taa kali na kukikataa hajathibitisha lolote. Weka simu irekodi, kaa mbali, kisha tazama. Je, aligeuza kichwa kumfuata mdudu? Alirusha mdomo akakosa? Alimng'ata akamtema? Alimmeza, kisha kesho yake ukakuta mdudu mzima kwenye kinyesi au matapishi? Kila jibu linakupeleka kwenye mlango wake.

Kwa asiyetaka, sababu ya kwanza kuchunguzwa ni joto, na nasema ya kwanza kwa sababu nyingine zote hutegemea hilo. Geko chui humeng'enya chakula kwa joto la tumboni analolipata kwa kulala juu ya kitu chenye moto. Sehemu hiyo inatakiwa iwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili wa tangi, yaani sanduku la kioo analofugiwa, ubaki nyuzi 22 hadi 26 ili aweze kuhama akizidiwa. Sehemu ya moto ikiwa na nyuzi 25, vimeng'enya hufanya kazi kwa kujikokota, utumbo hausukumi, na chakula hukaa tumboni hadi kuoza au kutapikwa. Mwili unajua hivyo, na hamu ya kula hupotea kabla mambo hayajafika huko. Mjusi hapo hana ugonjwa. Ana baridi.

Tatizo ni kwamba wamiliki wengi wanaamini joto ni sahihi kwa sababu kipimajoto cha kubandika kimesema hivyo. Kipimajoto kile hupima hewa iliyo karibu na kioo, mahali ambapo mjusi hajalala. Nunua cha kulenga kwa mwale, kile kilichokuwa kikielekezwa kwenye paji la nyuso zetu milangoni wakati wa korona, ila chagua cha kupimia vitu na si cha kupimia watu, kisha lenga sakafu ya pango lake la upande wa joto. Mkeka wa joto uliofunikwa na mchanga mwingi haufikishi joto juu. Mkeka usio na thamostati, kifaa cha kudhibiti joto, nao unaweza kufika nyuzi za kumuunguza tumbo. Na wale wanaoishi kwenye nyumba ambazo mitambo ya joto huzimwa usiku kuokoa gharama wapime pia alfajiri.

Baada ya joto, angalia hofu. Geko wawili kwenye tangi moja ni chanzo cha kukonda ambacho watu hawakubali kirahisi, kwa sababu hawaoni ugomvi. Mkubwa halazimiki kumng'ata mdogo; inatosha alale juu ya pango lenye joto kila siku, na mwenzake abaki upande wa baridi akikosa kumeng'enya. Utakuta mmoja anatanuka na mwingine ananyauka, wakati sahani ni moja. Watenganishe. Hakuna upweke wa kuuhofia, kwani hawa si wanyama wa kuishi kwa makundi.

Halafu kuna deko. Viwavi wa nondo wa nta, hao hao wanaowaharibia wafuga nyuki mizinga, ni laini, wanono, na geko huwapenda kupita kiasi. Aliyewazoea huwatazama nyenje kwa dharau. Kwa geko mnene, dawa ni kuwaondoa kabisa na kuvumilia mgomo. Kwa aliyekonda sheria hiyo hugeuka: mdudu yeyote salama anayekubaliwa ni mdudu mzuri, na masuala ya tabia yatangoja mkia urudi.

Mchanga nao una kesi yake. Geko hulamba ardhi, hasa akiwa na upungufu wa kalsiamu, na mchanga unaouzwa kama "mchanga wa kalsiamu" humshawishi alambe zaidi. Ukijazana utumbo huziba: hapati choo, tumbo linavimba, hamu inakwisha. Karatasi za jikoni ndizo sakafu ya mgonjwa, kwa sababu hiyo na kwa sababu kinyesi huonekana.

Asiyeweza ni habari nyingine, na hapa ndipo naona wanyama wengi wakihukumiwa vibaya. Geko huwinda kwa macho. Akiwa na ngozi kuukuu iliyonasa chini ya kope, au jicho lililovimba na kujaa uchafu, anasikia nyenje akitembea lakini hamwoni, anarusha mdomo hewani, anachoka, anaacha. Mwenye nyumba anaandika: "Hataki kula." Anataka sana. Macho ya namna hii mara nyingi yanatokana na upungufu wa vitamini A. Wadudu wa dukani wana kiasi kidogo mno cha vitamini hiyo, na mjusi aliyelishwa nyenje watupu kwa mwaka mzima hufilisika polepole. Lakini usikimbilie kumdondoshea vidonge vya binadamu, kwa kuwa vitamini A ikizidi ni sumu nayo. Daktari ndiye anayejua kipimo. Unachoweza kufanya nyumbani ni kumtengenezea pango lenye unyevu, kopo lenye tundu na karatasi yenye majimaji ndani, ili ngozi itoke yote inapojivua, vidoleni na machoni.

Taya nalo. Nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kinyume na anachohitaji mjusi, ambaye anataka kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi. Bila unga wa kalsiamu juu ya wadudu, na bila vitamini D3 au taa ya miale ya urujuanimno kuiwezesha kalsiamu hiyo ifyonzwe, mwili huanza kuichota kutoka kwenye mifupa. Miguu hupinda, vidole hutetemeka, na taya hulegea hadi kushindwa kumvunja mdudu. Geko mwenye taya laini akimng'ata nyenje na kumwachia, haringi, anaumia. Huyu ndiye ambaye kulazimishwa kufungua mdomo kunaweza kumvunja taya kabisa. Angalia pia ndani ya mdomo anapopiga miayo: usaha wa watambaao hautiririki, hukaa mgumu kama jibini kwenye fizi, na watu huudhani mabaki ya chakula.

Wapo pia waliozaliwa na shida. Wafugaji wa kibiashara wametengeneza rangi nyingi za geko chui, na moja inayoitwa Enigma imefungamana na hitilafu ya ubongo: mjusi huzunguka duara, hupinda shingo kutazama juu, na akimlenga mdudu hukosa. Nyingine, Lemon Frost, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2021 kwamba jeni yake inahusiana na uvimbe wa saratani wa seli za rangi, na wengi wenye rangi hiyo huupata. Sioni sababu ya mtu kununua urembo wa aina hiyo. Ila ukishakuwa naye, mlishe kwa kibano, mdudu umpeleke mdomoni, au mweke mdudu kwenye bakuli dogo lenye kuta laini ambamo hawezi kukimbia. Wenye Enigma wengi huishi vizuri kwa msaada huo mdogo.

Jambo la tatu, anayekula na kukonda, ndilo linalonitisha. Kwa geko chui jina la kwanza linalokuja ni Cryptosporidium varanii, kimelea cha seli moja kinachoshambulia utumbo mwembamba. Utumbo huharibika usinyonye chakula. Geko hula, hata kwa pupa, kisha hutapika au huharisha kinyesi chenye harufu kali na wadudu ambao hawakumeng'enywa, na mkia hubaki kijiti. Baadaye huacha kula. Kipimo cha PCR, yaani cha vinasaba, cha kinyesi au cha ute wa tundu la haja hukitambua, lakini kimelea hiki hutoka kwa vipindi, kwa hiyo jibu moja la "hakuna" halitoshi, rudia. Dawa ya paromomisini imewahi kupunguza vimelea vinavyotoka na kumpa mnyama nafuu, bila kuvimaliza. Klorini ya kawaida ya kufulia haiviui mayai yake. Mvuke wa moto na kukausha kabisa hufanya kazi bora. Ukimshuku mmoja, mtenge, tumia kibano chake, bakuli lake, na umhudumie wa mwisho baada ya mijusi wengine. Nyenje aliyetoroka kwenye tangi lake asiwekwe kwa mwingine. Aina hii si ile inayowapa binadamu kuhara, lakini kwa kundi la mijusi ni balaa.

Minyoo midogo ya utumbo na koksidia, vimelea vingine vya seli moja, zipo pia. Minyoo michache hukaa na geko bila kumdhuru, na si kila yai lililoonekana kwenye hadubini linahitaji dawa. Mwache daktari aamue.

Kwa daktari

Si kila daktari wa wanyama anajua mijusi, na wa paka na mbwa mwaminifu atakwambia hivyo mwenyewe. Chama cha madaktari wa watambaao na amfibia, ARAV, kilichoanzishwa mwaka 1991, kina orodha ya wanachama wake katika nchi mbalimbali. Nenda na kinyesi kibichi kwenye mfuko uliofungwa, kiwe kimehifadhiwa baridini bila kugandishwa. Picha za tangi lote. Namba za joto ulizopima. Daftari la uzito. Na makopo ya unga unaomnyunyizia wadudu. Vitu hivyo vitampa daktari zaidi ya maelezo ya nusu saa. Jike aliyekonda huku tumbo limejaa, anayechimba bila kutaga, asingoje miadi ya wiki ijayo.

Kwa walioko Afrika Mashariki niseme neno moja. Mjusi wa porini si wa kufugwa bila kibali, iwe chini ya sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 au ya Kenya ya 2013, na hatari si ya nadharia. Geko mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, Lygodactylus williamsi, aliwindwa kwa ajili ya soko la nje kiasi kwamba mwaka 2016 mataifa yaliamua aingizwe kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambacho hupiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Mjusi aliyekonda uliyemkuta bustanini mwachie bustani.

Namna ya kumrudisha

Sasa twende kwenye kumlisha. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Unampikia, unampelekea, unamsimamia mpaka anywe. Huruma hiyo ndiyo inayomponza mjusi. Mwili ulioshinda njaa muda mrefu umebadili mitambo yake: unaishi kwa mafuta na misuli, na akiba yake ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu imeisha hata kama damu bado inaonyesha kiasi cha kawaida. Ukiuletea chakula kingi kwa ghafla, hasa chenye sukari, homoni ya insulini hupanda na kuyasukuma madini hayo kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Damu hubaki tupu. Moyo hupoteza mapigo, misuli ya kupumua hulegea, na mnyama hufa siku chache baada ya kuanza kushiba. Kwa binadamu jambo hili lilionekana wazi mwaka 1945, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, pale waliokombolewa kwenye kambi walipopewa chakula cha askari na wengine wakafa nacho tumboni. Mjusi haepuki kanuni hiyo.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya joto. Tangi dogo, karatasi chini, pango moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, thamostati, kimya. Usimshikeshike. Chakula kikiingia kwenye tumbo la baridi ni mzigo tu.

Maji huanza siku hiyo hiyo. Dalili za ukavu ni macho yaliyozama, ngozi inayobaki imekunjika ukiiinua kwa upole, mate yanayonata, na sehemu nyeupe ya kinyesi kuwa ya njano au chungwa na ya chengachenga. Mdondoshee tone kwenye ncha ya pua, wengi hulamba. Bakuli pana lenye maji ya vuguvugu, kama nyuzi 30, yasiyopita mabega yake, kwa dakika 10 hadi 15, humpa nafasi ya kunywa. Kaa naye muda wote, maana dhaifu huzama kwenye maji ya kina kidogo. Daktari anaweza kumwekea maji chini ya ngozi, na kwa geko wa gramu 30 kiasi hicho ni kama nusu mililita, kwa hiyo usishangae ukiona sindano ndogo. Soda, maji ya sukari na asali viachwe, kwa sababu iliyokwisha elezwa.

Chakula kinafuata baada ya siku moja au mbili za joto na maji. Hesabu ifanywe kwa uzito alionao leo, si ule unaoutamani. Geko wa gramu 30 anahitaji takriban kilokalori 0.7 kwa siku akiwa ametulia. Mwanzo mwema ni robo ya hapo, yaani chini ya kilokalori 0.2. Ni matone machache tu. Kuna unga wa lishe ya wanyama wala nyama walio wagonjwa, kama EmerAid au Oxbow Carnivore Care, unaochanganywa na maji ya vuguvugu mpaka upite kwenye sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano. Maelekezo ya pakiti hueleza nishati iliyomo, na daktari atakusaidia kupiga hesabu. Kisha unapanda polepole kwa siku kadhaa, wiki moja hata mbili kwa aliyedhoofu sana, ukitazama kinyesi na uchangamfu kabla ya kuongeza.

Namna ya kumpa: aache miguu yote chini, juu ya taulo, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo. Gusa midomo kwa tone. Alambe, ameze, upumzike, lingine. Asilazwe chali. Sirinji isisukumwe kwa nguvu, kwa kuwa tundu la pumzi liko mbele mdomoni na chakula kikiingia mapafuni umempa nimonia juu ya njaa. Ngozi ya kidevuni isivutwe kufungua mdomo. Na usimshike mkia hata kidogo: geko chui aliyeogopa huukata mkia wake mwenyewe, na kwa aliyekonda hiyo ni kutupa ghala pamoja na kilichobaki ndani. Kama halambi kabisa, kumfungua mdomo au kumpitishia mrija tumboni ni kazi ya kuonyeshwa na daktari kwa mikono yake, kwenye video haijifunzwi.

Akianza kulamba kwa hamu, mrudishe kwenye wadudu. Mpasue nyenje, mguse mdomo kwa maji maji ya tumbo la mdudu huyo. Mara nyingi ladha hiyo huamsha kilicholala. Chagua walio laini: funza wa unga waliojivua ngozi muda huo na bado ni weupe, viwavi wa nondo wa hariri, mende wadogo wa kufugwa, au funza wa nzi askari mweusi, hao wanaozalishwa Kenya na Tanzania kwa chakula cha kuku na samaki, ambao wana kalsiamu nyingi kwa asili yao. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi kati ya macho ya geko. Na wadudu wenyewe washibe kwanza, siku nzima kabla, kwa karoti, boga na sukuma wiki, kwa sababu mjusi hula kilichomo tumboni mwa mdudu kama anavyomla mdudu. Ndizi na matunda mengine hayamfai huyu mjusi. Wadudu wa bustanini hubeba dawa za kunyunyizia, na kimulimuli ana sumu inayoweza kuua mjusi. Nyenje asiyeliwa atolewe kabla ya kulala, maana usiku atamtafuna geko asiye na nguvu za kujitetea.

Osha mikono kila mara kwa sabuni, na bakuli lake la maji lisioshwe kwenye sinki la vyombo. Watambaao wenye afya njema hubeba bakteria wa salmonela bila dalili, na mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kumshika.

Nafuu haiji kwa mpangilio unaoutarajia. Kinyesi ndicho hutangulia, cha kahawia chenye ncha nyeupe. Kisha macho hujaa. Mzani husogea gramu moja, hurudi nyuma nusu, husogea tena. Tazama mwelekeo wa wiki tatu, si wa jana na leo. Mkia huja mwisho kabisa, na huchukua miezi. Wiki mbili za joto sahihi na lishe sahihi zikipita huku uzito ukishuka, rudi kwa daktari kwa picha ya eksirei na PCR ya pili. Ikiwa ni kriptosporidia iliyokomaa, au viungo vimeshindwa, mazungumzo ya kumlaza kwa dawa asiamke tena yatakuwapo, na yafanyike kliniki. Kumweka mjusi hai kwenye friza, kama wengine wanavyoshauriana, kunamtesa.

Anayeendelea vizuri huachishwa matone hatua kwa hatua: siku anayokamata nyenje wawili mwenyewe, sirinji haitoki kabatini. Geko mzima aliyepona atalishwa kila siku mbili au tatu, mdogo kila siku, na mzani utaendelea kila wiki hata mkia ukishanenepa.